Kutoka mkutano wa kijiji hadi greda: mwongozo kamili wa kuifuatilia barabara yenu TARURA na TANROADS

Vijiji vingi Tanzania vina barua ya kuomba barabara iliyolala kwenye faili kwa miaka. Ukiisoma utakuta imeandikwa kwa heshima na ina mihuri yote. Shida ni kwamba ilipelekwa ofisi isiyohusika, katika mwezi ambao bajeti imeshafungwa, ikiomba kitu kisicho na fungu. Mwongozo huu ni kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, diwani mpya, kiongozi wa AMCOS (chama cha ushirika wa mazao) na mwananchi yeyote aliyechoka kusikia "suala lenu linafanyiwa kazi". Unaanzia kwenye umiliki wa barabara na kuishia siku ambayo mkandarasi anadai fedha zake za mwisho.

Jueni kwanza barabara ni ya nani

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imegawa barabara za nchi katika mafungu mawili. Barabara za kitaifa ni barabara kuu na barabara za mkoa, na zinasimamiwa na TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania ulioanza kazi mwaka 2000 chini ya wizara inayohusika na ujenzi. Barabara za wilaya ni zote zilizobaki: zinazounganisha makao ya wilaya na tarafa au kata, zinazolisha hizo kubwa, na zile za jamii zinazopita ndani ya vijiji na mitaa. Hizi ni za TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, uliozinduliwa Julai 2017 chini ya OR-TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na serikali za mitaa.

Kabla ya 2017 barabara za wilaya zilikuwa mikononi mwa mhandisi wa halmashauri. Ndiyo maana hadi leo watu wengi wanapeleka maombi yao kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Mkurugenzi apewe nakala, lakini mwenye greda na mwenye mkataba ni Meneja wa TARURA wa Wilaya.

Barabara kuu hutambulika kwa namba zinazoanza na herufi T. T1, kwa mfano, ni ile inayotoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Za mkoa hubeba herufi R. Barabara yenu ikiwa haina alama yoyote, msikisie. Nendeni ofisi ya TARURA ya wilaya mkaulize maswali mawili: je, barabara hii imo kwenye mtandao wenu, na jina lake humo ni lipi?

Swali hilo la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. TARURA hutunza taarifa za barabara zake kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DROMAS, na barabara moja inaweza kuwa na jina la wenyeji, jina la kwenye ramani na jina la kwenye mfumo. Mkiomba "barabara ya kwa Mzee fulani" wakati mfumo unaitambua kwa majina ya vijiji viwili vya mwanzo na mwisho, ofisa anaweza kutafuta kweli asiione. Chukueni jina lililomo kwenye mfumo na mlitumie kwenye kila karatasi kuanzia siku hiyo.

Barabara isipokuwemo kabisa, msiombe matengenezo. Ombeni iingizwe kwenye mtandao. Fedha za matengenezo hupangwa kwa barabara zilizoorodheshwa, na njia iliyochongwa kwa nguvu za wananchi bila kuandikishwa haina pa kukaa kwenye mpango huo. Malizeni kwanza suala la ardhi: kila ambaye shamba lake limeguswa atoe ridhaa kwa maandishi, na ridhaa hizo ziingie kwenye muhtasari wa mkutano. Njia zilizofunguliwa kwa shangwe huzibwa na miba mwaka unaofuata kwa sababu mtu mmoja hakuulizwa.

Pesa inatoka wapi

Chanzo kikubwa cha fedha za matengenezo ni tozo inayokatwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Inaingia kwenye Mfuko wa Barabara, ambao una bodi yake, na sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha hizo iende kwenye matengenezo na dharura. Kinachobaki kwa ujenzi mpya ni kidogo. Kwa hiyo mwenye bodaboda anayenunua lita moja kijijini ameshachangia barabara yake, na hilo si kosa kulisema mbele ya meneja, kwa adabu.

Mgawanyo wa miaka mingi umekuwa asilimia 70 kwa barabara za kitaifa na asilimia 30 kwa za wilaya. Sasa linganisheni: TANROADS inatunza zaidi ya kilometa 36,000, TARURA zaidi ya kilometa 144,000. Mtandao ulio karibu mara nne kwa ukubwa unaishi kwa chini ya theluthi moja ya mfuko. Ni kweli kwamba kilometa moja ya barabara kuu inabeba malori mengi na kuitunza ni ghali, lakini hata ukilikubali hilo, pengo linaonekana kwa macho. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA, na mwaka huohuo wa fedha kila jimbo likatengewa shilingi milioni 500 za nyongeza. Bajeti ya wakala ikapanda. Bado haitoshi, na meneja wa wilaya hupanga mwaka wake akijua barabara nyingi hatazigusa.

Mbali na mfuko huo kuna milango mingine, kila mmoja na funguo zake:

Serikali Kuu hutoa fedha za maendeleo, hasa kwa lami na madaraja makubwa. Hapa mbunge ana sauti kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Miradi ya mikopo na misaada huchagua maeneo mapema. Mradi wa RISE wa barabara za vijijini, uliopata mkopo wa dola milioni 300 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2021, uliwekwa kwenye mikoa michache iliyochaguliwa. Agri-Connect, mradi wa kilimo wa Umoja wa Ulaya, ilijenga barabara za kutolea chai, kahawa na mazao ya bustani. Mijini kuna miradi ya kuboresha miundombinu: DMDP kwa Dar es Salaam na TACTIC kwa miji mingine. Wilaya yenu isipokuwemo, msipoteze muda kuandika barua za kuomba mradi husika. Ikiwemo, ulizeni mapema vigezo vya kuchagua barabara.

Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, una kamati inayoongozwa na mbunge. Ni fedha ndogo, lakini inaweza kununua mabomba ya kalvati au saruji pale wananchi walipokwishasomba mawe na mchanga.

TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kupitia miradi ya ajira za muda kwa kaya za walengwa, imefungua barabara nyingi za jamii kwa jembe na sururu. Tena, hakikisheni zinaandikishwa baadaye. Baadhi ya halmashauri zenye makusanyo mazuri nazo hutenga sehemu ya mapato ya ndani kwa barabara, na huko diwani wenu ndiye wa kubana.

Ombeni kalvati kabla ya lami

Hapa ndipo maombi mengi yanapokufa, kwa hiyo tukae kidogo.

Kijiji kinaandika: "Tunaomba kujengewa barabara yetu ya kilometa 14 kwa kiwango cha lami." Meneja anajua gharama ya kilometa moja ya lami, anajua bajeti yake ya mwaka mzima, anafunga faili. Hakuna aliyemdharau mtu. Ombi limezidi uwezo wa ofisi iliyoombwa.

TARURA hupanga kazi kwa mafungu. Matengenezo ya kawaida ni kufyeka, kuzibua mitaro na makalvati, kufukia mashimo na kuchonga. Matengenezo ya muda maalumu ni kurudisha changarawe au moramu kwenye kipande kirefu kilichochakaa. Kisha kuna matengenezo ya sehemu korofi, yaani kutibu yale maeneo machache yanayoifanya barabara nzima isipitike. Kuna ya madaraja na makalvati. Mwisho kabisa ni ujenzi na uboreshaji wa kiwango, ambako lami ndiko iliko.

Tembeeni barabara yenu wakati wa mvua mtagundua kwamba katika kilometa zile 14, zinazokwamisha gari ni mita chache: kipande cha udongo wa mbuga, mlima mmoja unaoteleza, korongo lisilo na kalvati, bomba dogo lililoziba. Zilizobaki ni mbovu lakini zinapitika. Kijiji kinachoomba matibabu ya sehemu nne korofi, zilizotajwa moja moja, kinampa meneja kitu anachoweza kukiingiza kwenye mpango wa mwaka. Na barabara inayopitika mwaka mzima, hata ya vumbi, inaleta magari. Magari yakiwa mengi, hoja ya changarawe na hatimaye lami inakuja na ushahidi wake.

Namna ya kufanya ukaguzi wenu:

1. Chagueni watu watatu: mmoja anayejua barabara kwa miaka, mmoja mwenye simu ya kupiga picha zenye alama ya eneo, na mwandishi. Tumieni bodaboda ambayo kipima umbali chake kinafanya kazi.

2. Pitieni barabara nzima wakati wa masika au mara tu mvua inapokatika. Picha za kiangazi hazimshawishi mtu. Kila barabara inaonekana nzuri Agosti.

3. Kwa kila sehemu korofi andikeni umbali kutoka mwanzo wa barabara, urefu wa kipande, aina ya tatizo, alama ya juu kabisa maji yalipofika kwenye miti au kingo, na siku ambazo njia hufungwa kwa msimu.

4. Angalieni maji yanatoka wapi na yanataka kwenda wapi. Sehemu kubwa ya uharibifu ni maji yaliyokosa mtaro, yakaifanya barabara kuwa mto. Wakati mwingine mtaro wa kuchepusha maji kuelekea bondeni unaokoa kilometa nzima, na wananchi wanaweza kuuchimba wenyewe kwa makubaliano na mwenye shamba.

5. Kusanyeni takwimu za matumizi. AMCOS ina daftari la mizani: kilo ngapi za korosho, kahawa au pamba zilitoka msimu uliopita. Zahanati ina daftari la rufaa. Mwalimu mkuu ana mahudhurio ya wanafunzi wa ng'ambo ya korongo. Takwimu hizi mnazo tayari, ni kuzinakili tu.

Mkiwa na korongo linalohitaji daraja, ulizeni kuhusu madaraja ya mawe. TARURA imeyajenga katika mikoa mingi baada ya teknolojia hiyo kushika Kigoma kwa msaada wa Wabelgiji. Yanatumia mawe ya hapohapo na mafundi wa hapohapo badala ya nondo nyingi, na gharama yake iko chini sana ya daraja la zege. Kijiji chenye mawe na vijana wa kuyasomba kina hoja nzuri mkononi.

Kalenda, ambayo haimsubiri mtu

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Watu wengi huanza kudai barabara Aprili, mvua inapowatesa, na wanapewa jibu la kweli linaloudhi: bajeti ipo bungeni. Rudini nyuma miezi.

Machi hadi Mei mnafanya ukaguzi. Kufikia Septemba au Oktoba ombi liwe limepita kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unakaa kila baada ya miezi mitatu. Muhtasari uandikwe vizuri, wenye orodha ya waliohudhuria, uamuzi ulioandikwa wazi, na mchango wa wananchi kama upo. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao wananchi hushirikishwa kupanga miradi yao, unaipa uzito miradi ambayo wananchi wameianza, kwa hiyo mtaro mliochimba wenyewe utajeni pamoja na tarehe.

Kutoka hapo linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti na Mtendaji wa Kata ndiye katibu. Hapa kuna siasa. Kata ina vijiji kadhaa na kila kimoja kina barabara mbaya. Anayeshinda mara nyingi ni aliyekuja na picha na vipimo, kwa sababu wenzake wanabaki kulalamika kwa maneno. Kata itoe orodha ya vipaumbele kwa namba, wa kwanza hadi wa mwisho. Orodha isiyo na namba humwachia mtu mwingine achague.

Kwenye Novemba mwongozo wa mpango na bajeti wa Serikali huwa unatoka, na Januari na Februari ndiyo miezi ambayo mipango inapita kwenye Baraza la Madiwani na vikao vya ushauri vya wilaya na mkoa. Meneja wa TARURA huwasilisha mpango wake kwa madiwani. Mheshimiwa Diwani aingie kikao hicho akiwa na nakala ya ombi lenu, aangalie kama jina la barabara limo, na kama halimo aulize papohapo ili swali na jibu viandikwe.

Barua yenyewe

Isizidi ukurasa mmoja. Ushahidi uwe viambatisho. Anwani ni Meneja wa TARURA wa Wilaya, ikipitia kwa Mtendaji wa Kata. Nakala ziende kwa Mkurugenzi Mtendaji, Mkuu wa Wilaya, Mbunge na Diwani. Mwili wake unaweza kuwa hivi:

*Yah: Ombi la matengenezo ya sehemu korofi, barabara ya ...... – ...... (kilometa ......)*

*Husika na somo tajwa hapo juu. Mkutano Mkuu wa Kijiji cha ...... uliofanyika tarehe ...... uliazimia kuomba sehemu nne za barabara tajwa ziingizwe kwenye mpango wa matengenezo wa mwaka wa fedha ....... Sehemu hizo, umbali wake na picha zake zimeambatishwa. Barabara hii hufungwa kwa takribani wiki ...... kila masika, na inahudumia zahanati, shule na ghala la ushirika lililopitisha tani ...... msimu uliopita. Wananchi wamechimba mtaro wa mita ...... na wako tayari kukusanya mawe. Tunaomba mtaalamu wako afike kwa ukaguzi.*

Ombi la mwisho, la mtaalamu kufika, msilisahau. Halihitaji fungu lolote kubwa, na mhandisi akishaikanyaga barabara yenu matopeni ofisi haiwezi tena kusema haijui. Pelekeni barua kwa mkono na mrudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Barabara ikiwa ya TANROADS

Anwani inabadilika kuwa Meneja wa TANROADS wa Mkoa, na uwanja wa kusemea ni Bodi ya Barabara ya Mkoa, inayoongozwa na Mkuu wa Mkoa huku Meneja wa TANROADS akiwa katibu. Bodi hiyohiyo ndiyo inayopokea maombi ya kupandisha hadhi barabara ya wilaya iwe ya mkoa, kisha mapendekezo yanakwenda kwa waziri. Msikimbilie kupandisha hadhi ili mpate fedha nyingi. Kigezo ni kazi ya barabara, kama kuunganisha wilaya mbili au kufika mpakani, na barabara za kitaifa zina hifadhi, yaani eneo la barabara lisilojengwa, ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Nyumba za barabarani zitaingia kwenye hesabu hiyo. Sheria ya 2007 ilipoongeza hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30, nyumba zilizokuwemo kihalali kwenye mita zile saba na nusu zilistahili fidia. Waliojenga ndani ya hifadhi baada ya hapo hawastahili.

Ikikatika katikati ya mwaka

Dharura ina njia yake. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga, na mitambo ilipelekwa bila kungoja bajeti mpya. Kwa barabara ya kijiji kasi haitakuwa hiyo, ila utaratibu unafanana: pigeni picha siku ileile, mtaarifuni meneja na Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye anayeongoza kamati ya maafa ya wilaya, kisha barua ifuate ndani ya siku chache. Dharura iliyoripotiwa wiki sita baadaye inasomeka kama ombi la kawaida.

Mkandarasi akifika

Zabuni za umma sasa hupita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa Serikali, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023. Sheria inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kufyeka na kuzibua mitaro ni kazi ambazo vikundi vya kijamii vimekuwa vikipewa. Kikundi chenu kisajiliwe halmashauri kupitia Maendeleo ya Jamii na kiingizwe NeST mapema, kwa sababu zabuni ikishatangazwa hakuna muda wa kuanza kutafuta katiba na akaunti.

Bango la mradi likisimama, lipigeni picha: jina la mkandarasi, gharama, tarehe ya kuanza na kumaliza. Kisha mwombeni meneja orodha ya kazi zilizomo kwenye mkataba, yaani makalvati mangapi na ya kipenyo gani, changarawe ya unene gani na kwa urefu gani. Akisita, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa taasisi siku 30 kujibu ombi la maandishi.

Mkiwa na orodha hiyo, kukagua ni kazi ya futi kamba na macho. Tabaka la changarawe kwa kawaida huwa milimita 150 baada ya kushindiliwa. Chimbeni kishimo kidogo pembeni mkiwa na msimamizi, msifanye kwa siri. Moramu ishindiliwe kwa maji. Greda likipita juu ya vumbi kavu bila boza la maji, mvua ya kwanza itaikomba kazi yote. Kalvati liwe na kuta pande zote mbili na maji yawe na pa kutokea. Mkiona tofauti, andikeni kwa meneja kabla hamjapiga simu redioni. Asipochukua hatua, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hufuatilia miradi ya maendeleo. Na Mwenge wa Uhuru ukipangiwa kuuzindua mradi wenu, mtaona marekebisho yakifanyika usiku na mchana. Wakimbiza Mwenge wamewahi kukataa miradi hadharani, na kila mkandarasi analijua hilo.

Kazi ikikamilika huanza kipindi cha matazamio, ambacho mara nyingi ni miezi 12, na sehemu ya malipo ya mkandarasi hushikiliwa hadi kiishe. Ulizeni tarehe yake ya mwisho na muibandike kwenye ofisi ya kijiji. Mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo wale watu watatu wapite tena na bodaboda na simu yao, na kila kalvati lililotitia au ukuta uliopasuka uende kwa meneja kwa maandishi, kwa picha na kwa umbali. Siku hizo ndizo pekee ambazo mkandarasi bado anarekebisha kwa gharama yake. Tarehe ikipita, kasoro hiyohiyo itarudi kwenu kama ombi jipya la bajeti, kuanzia mkutano wa kijiji.